Trei Ishirini na Tatu za Dodona

Doonside, baada ya ibada

Ningenyamaza palepale, mbele ya birika la chai, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini niliahidi, tena kwa sauti, tena nikiwa nimesimama.

Jumapili ile mnaikumbuka. Tulikuwa ukumbini nyuma ya kanisa, mvua inapiga bati, na Mama Furaha ametuletea maandazi yake ya Uvira, yale makubwa kama ngumi ya bondia. Nikatangaza kwamba mjukuu wangu Kaneza, anayesomea mambo ya kale chuo kikuu, yuko Ugiriki anachimba mji wa zamani uitwao Dodona, na mama yake amenikatia tiketi nikamwone kwa siku tano. Nilitarajia pongezi. Mzee Salvatori akaweka kikombe chini polepole, akaniuliza nakwenda kufanya nini huko.

Nikamjibu nakwenda kumtazama mtoto akifanya kazi.

"Kumtazama," akasema, akawageukia ninyi wote. "Mmesikia? Anakwenda kukaa kwenye kiti aletewe juisi."

Mlicheka mpaka maandazi yakawapalia. Na nilistahili. Salvatori aliporudi kutoka Kanada kwa mwanawe, baada ya miezi mitatu ya kupikiwa, ni mimi niliyempa jina la Mheshimiwa Sahani, na jina hilo amelibeba mwaka mzima. Lakini liko jambo la chini zaidi, na ninyi mliopita kambi ya wakimbizi mnalijua bila kuelezwa. Miaka kumi na minne kule Kigoma tulipanga foleni ya mahindi ya mgawo, watu wazima wenye mikono mizima, tumekatazwa kulima na kutoka nje ya kambi. Mtu aliyepita pale, ukimwambia atakaa alishwe bila kushika kitu, umemtukana.

Basi nikasimama nikaahidi. Nilisema sitakaa kwa Kaneza kama mgeni. Nitaishika kazi yake kwa mikono hii, na nitaleta picha iwe ushahidi. Mkapiga makofi, na Mama Furaha akaniongezea andazi. Ahadi hiyo ndiyo ninayotamani nisingeitoa.

Tangu nirudi mmeniuliza kulikuwaje, nami nimewaonyesha picha za mawe na kubadilisha mazungumzo. Sasa nawaandikia. Nikisimulia kwa mdomo, Salvatori atanikatiza kwenye sehemu za kuchekesha, nami nitafurahi kukatizwa, na mwisho hautafikiwa.

Kutoka Guildford hadi mlango wa ndege

Binti yangu Odette, mama yake Kaneza, alinichukua nyumbani Guildford, hapa Sydney, asubuhi yenye baridi ya Julai. Nilivaa lile koti langu zito la kijivu. Odette aliniambia huko ni kiangazi, joto kali. Nikamwambia nimeishi Afrika, sifundishwi joto. Kumbukeni hilo koti.

Katika begi la mkononi nilikuwa na kilo mbili za ndagala wakavu, wale wadogo wa Tanganyika, ambao Mama Furaha hupata kwa njia anazozijua yeye. Nilikuwa nimewafunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, nikavisha soksi ndefu juu, nikiamini harufu haitatoka. Kwenye ukaguzi begi lilipopita kwenye mashine, ofisa alilirudisha, akalipitisha tena, kisha akaita mwenzake. Wakafungua soksi. Wakafungua mfuko wa kwanza, na foleni nyuma yangu ikarudi hatua mbili bila kuambiwa.

Yule ofisa aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni samaki, ni wa mjukuu wangu. Akanitazama, akawatazama samaki, akafunga mifuko yeye mwenyewe vizuri kuliko nilivyofunga mimi, akanitakia safari njema. Odette, aliyekuwa anaangalia kwa mbali, amesema hatanisindikiza tena uwanja wa ndege mpaka nitakapobebwa kwenye jeneza.

Jangwani, saa saba za kusubiri

Tulibadilisha ndege katika mji mmoja wa Uarabuni, mahali ambapo uwanja wa ndege ni mkubwa kuliko Doonside na Guildford zikiunganishwa. Ndege ya Athens ilichelewa, na saa mbili za kusubiri zikawa saba.

Mlangoni nilikuta mwanamke amesimama na kiti cha magurudumu na karatasi yenye jina langu. Odette alikuwa ameagiza kiti kwa sababu ya goti langu bovu, bila kunishauri. Yule mwanamke alikuwa wa umri wa Odette, Mkenya, mtu wa Kisumu, anaitwa Auma. Aliposikia Kiswahili changu alifurahi kama aliyeona ndugu.

Nikamwambia mimi sikai kwenye kiti, natembea.

"Mzee wangu, kaa tu," akasema. "Ukitembea, mimi nitaonekana sina job."

Sikukaa. Nililaza koti langu kwenye kiti, nikaweka juu yake begi la ndagala, na nikaanza kukisukuma mwenyewe. Auma akatembea kando yangu amenishikia kofia. Nilijiona muungwana sana. Tulizungumza habari za Kisumu, za watoto wake wawili walioko kwa bibi yao, na za bei ya nyumba Sydney, ambayo hakuiamini.

Tulipokata kona tukakutana na msimamizi wake. Alichokiona yeye ni abiria wa miaka sabini na mmoja, anachechemea, anasukuma kiti kilichobeba samaki, huku mfanyakazi anatembea na kofia. Auma aliitwa pembeni. Aliporudi alikuwa na sura nyingine. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha makosa. Nilimfuata msimamizi, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha ghalani nilikofanya kazi kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia anaelewa, lakini kiti hicho kilikuwa jukumu la mfanyakazi, si la abiria.

"Sasa kaa," Auma akaniambia. "Umenisaidia vya kutosha."

Nikavaa koti, nikakaa, begi mapajani. Alinisukuma mwendo mrefu, na tulipofika mlangoni akanirudishia kofia na kunifunga kifungo cha juu cha koti, kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule. Mtu anayejifunza haraka angeridhika na somo hilo. Mimi nilipanda ndege nikiwaza jinsi wasimamizi wa siku hizi wasivyo na utu.

Basi la Ioannina

Athens joto lilinipokea kama mlango wa tanuri. Koti nikalibeba mkononi, ndagala mkono mwingine. Dodona iko mbali kaskazini magharibi, na basi la kwenda mji wa Ioannina, ulio karibu nayo, linatoka kituo kikubwa chenye milango mingi kuliko maelezo.

Nilimwonyesha kondakta tiketi yangu, nikamuuliza kwa Kiingereza kama basi langu ni lile. Akainua kidevu juu na kugonga ulimi. Kwetu mtu akiinua kidevu anakuonyesha njia: ndilo hilo, panda. Nikapanda, nikakaa dirishani, nikavua viatu. Basi lilipowashwa ndipo yule kondakta alipoingia, akaniona, akainua kidevu tena kwa nguvu zaidi. Nikamshukuru. Ilibidi abiria wawili waje wanitoe. Nilielezwa baadaye kwamba wenzetu wale wakiinua kidevu hivyo wanakataa. Nilipopata viatu vyangu vyote viwili, basi langu la kweli lilikuwa limeondoka. Nikasubiri saa tatu lile lililofuata.

Lakini ndani ya basi hilo ndimo nilimokutana na Kiria Vasiliki. Kiria ni kama kusema Bibi. Alikuwa na miaka themanini, amevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi viatuni, na alikaa karibu nami kwa sababu kiti kingine kilikuwa juani. Aliponiuliza natoka wapi, nikasema Australia, nikijiandaa kwa yale maswali ya kawaida kuhusu natoka wapi kweli. Hakuuliza. Alinikamata mkono akaanza kuongea Kiingereza cha Marrickville kule Sydney, kilekile cha wale mama wa Kigiriki wa dukani. Miaka ishirini na minane alifunga biskuti kiwandani Sydney, kisha akarudi kwao na mumewe, ambaye sasa amekufa.

Alitoa pai ya mboga iliyofungwa kwenye taulo, akaikata kwa mkono, akanipa kipande kikubwa kuliko chake. Tulivuka daraja refu lenye nyaya nyeupe juu ya bahari, na yeye hakulitazama. Alikuwa anataka kujua kama kituo cha treni cha Marrickville kimekarabatiwa. Nikamweleza habari zangu. Wetherill Park, lilipo ghala langu la zamani, aliifahamu, alikuwa na shemeji huko. Nilipomwambia kuhusu Kaneza na ahadi niliyoweka, alitikisa kichwa.

"Ukifika, kaa, kula, msifu mtoto," akaniambia. "Hiyo peke yake inachosha."

Nikadhani ni mzee tu, amechoka.

Dodona

Kaneza alikuja kunipokea kituoni na gari la wachimbaji. Alikuwa mweusi kwa jua, nywele zina vumbi, na alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Akawaambia wenzake wawili aliokuwa nao kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye babu, kisha akanigeukia na kuendelea na Kiswahili mbele yao bila haya.

Wajukuu wangu ninao saba. Sita wananielewa nikisema, na wananijibu kwa Kiingereza. Kaneza peke yake ndiye aliyekuwa ananijibu kwa Kiswahili. Kila Jumamosi saa nne, popote alipo, alikuwa ananipigia simu nikiwa naosha vyombo, ananisimulia tabaka za udongo. Nusu sikuielewa. Nilikuwa naongeza maji kwenye beseni ili vyombo visiishe na simu isikatwe.

Dodona iko kwenye bonde, chini ya mlima mrefu wenye mgongo mtupu. Nilitarajia nguzo ndefu kama za kwenye picha, nikakuta mawe mengi ya kufika magotini, na uwanja wa maonyesho wa mawe ambao ni mkubwa kweli, ngazi zinapanda kilima chote. Katikati ya magofu kuna mti wa mwaloni. Zamani watu walitoka mbali kuja hapo kumwuliza Zeus, mungu wao mkuu, mambo yao, na jibu lilisikika kwenye majani ya mwaloni uliokuwapo wakati huo. Makuhani walilala chini na hawakunawa miguu. Nilimwambia Kaneza kwamba nimeishi na makuhani wengi wa namna hiyo kwenye hema moja.

Kilichonigusa ni vile vipande vya risasi, ile metali nzito ya kijivu, vimekunjwa vidogo kama karatasi ya peremende. Watu waliandika maswali yao humo. Kaneza alinisomea yaliyokwisha kufasiriwa. Hakuna mfalme anayeuliza vita. Mtu anauliza kama mtoto ni wake, mwingine kama ahame au abaki alipo. Nikafikiri, haya maswali ningeweza kuyaandika mimi.

Shimo la Kaneza halikuwa hekaluni. Lilikuwa nje kidogo ya ukuta, kwenye nyumba ya watu wa kawaida. Alinisimamisha kwenye ukingo akanionyesha sakafu mbili, moja juu ya nyingine, na kati yao mstari mweusi wa majivu. Maadui walikuja wakauchoma mji. Baadaye mtu akajenga tena juu ya majivu yaleyale.

"Nataka kujua kama ni walewale waliorudi, Babu, au ni watu wengine kabisa, baada ya muda mrefu," akasema. "Nimeichagua nyumba hii kwa ajili yako."

Niliuliza atajuaje. Akanieleza kwamba vigae vya vyungu ndivyo mashahidi. Vya chini ya majivu vinawekwa peke yake, vya juu ya majivu peke yake. Vikifanana, watu walirudi upesi, bado wanapika kwenye vyungu vya aina ileile. Vikitofautiana, nyumba ilikaa tupu. Kila kigae kinaingia kwenye trei ya tabaka lake, na trei ina lebo, na lebo ndiyo inayosema kilitoka wapi. Sakafu ikishachimbwa haichimbwi mara ya pili. Na yote hayo ndiyo andiko lake la kumalizia shahada.

Akaniambia nisiguse kitu shimoni. Alinieleza vizuri, kwa Kiswahili. Siwezi kusema sikuelewa.

Jioni hiyo nikawapikia ndagala kwa nyanya na pilipili, wachimbaji wote kumi na mmoja. Nilidhani watakataa. Mkuu wao, Dokta Eleni, mama mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, aliwala na vichwa vyao, akapangusa sahani kwa mkate, akaniambia bibi yake alikuwa anapika hivihivi. Walinipigia makofi. Kama ningekuwa na akili, ningehesabu ahadi yangu imetimia pale, kwenye sufuria ile.

Lakini siku ya pili niliwekewa kiti kwenye kivuli cha turubai, na saa nne Kaneza akaja na glasi ya juisi ya machungwa. Ilikuwa na mrija. Salvatori, naapa nilikusikia ukicheka kutoka Doonside.

Siku ya trei

Siku ya tatu, kwenye shimo la jirani, lilipatikana jiwe kubwa bapa, na wote wakaitwa kusaidia kulinyanyua kwa kamba na magogo. Kaneza alinikimbilia.

"Babu, utakaa na trei zangu? Kaa tu, nakuja."

Zilikuwa trei ishirini na tatu za plastiki, zimetapakaa mezani na chini. Nyingine ina vigae viwili. Nyingine imejaa. Nyingine ina kimoja tu, kidogo kama ukucha, kimekalia trei nzima peke yake kama mheshimiwa.

Ninyi mnajua nilifanya kazi gani Wetherill Park miaka kumi na sita. Bidhaa zikishapokelewa, zikishaandikwa, mtu anapita kwenye rafu na kuunganisha. Boksi nusu na boksi nusu zinakuwa boksi moja, nafasi inapatikana, foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, inapita. Nilikuwa hodari. Msimamizi wangu aliwaleta wapya waje wanitazame. Kaneza alinikataza shimoni. Trei hazikuwa shimoni. Kwa akili yangu ya ghalani, kilichoko kwenye trei kilikuwa kimeshapokelewa.

Nikainuka kwenye kiti.

Nilifanya kazi kwa muda wa dakika arobaini, na nitasema ukweli, zilikuwa dakika nzuri kuliko zote za safari. Vigae vikubwa niliviweka chini visivunje vidogo. Vyekundu pamoja, vyeusi pamoja. Vilivyokuwa na masizi nilivifuta kwa leso yenye maji mpaka vikang'aa. Trei ishirini na tatu zikawa tisa, zimepangwa safu tatu, kingo zimelingana. Lebo zote nilizikusanya, nikazifunga kwa raba, nikaziweka juu ya trei ya kwanza ili zisipotee. Nikapiga picha. Ndiyo ile picha ya ushahidi niliyowaahidi, ambayo hamjaiona.

Kaneza alirudi anacheka, mikono ina matope. Alipofika mezani akasimama.

"Babu, lebo ziko wapi?"

Nikampa kifurushi. Nilikuwa natabasamu. Alikitazama muda mrefu, kisha akaketi chini, kwenye udongo, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

"Ni vipi vya chini ya majivu?" akauliza.

"Vyote viko hapa," nikamwambia. "Hakuna hata kimoja kilichopotea."

"Najua," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jambo hilo halikunijia polepole. Niliona mashahidi wote wa nyumba ile, wa kabla ya moto na wa baada ya moto, wamechanganywa na kupanguswa nyuso, na aliyewachanganya ni mimi.

Nilikwenda mwenyewe kwa Dokta Eleni kabla Kaneza hajanyanyuka. Nilimwambia ni mimi, mjukuu alinikataza, asiadhibiwe. Alikuja akatazama zile safu zangu tatu. Hakupaza sauti. Aliniambia ananiamini, na kwamba mimi ni mgeni, siwezi kuwajibika kwa trei. Trei zilikuwa jukumu la Kaneza. Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo jangwani, nikayadharau.

Na Kaneza akasema kwa Kiingereza, mbele ya wote, kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyeziacha. Hakutaja neno babu hata mara moja.

Mchana wote walijaribu kuvitenganisha. Nilikaa nao nikijaribu kukumbuka kipi kilitoka trei ipi. Vichache vilijulikana kwa picha walizokuwa wamepiga. Vingine, ndugu zangu, vingetambuliwa kwa alama za majivu upande mmoja, na majivu hayo yalikuwa kwenye leso yangu. Kaneza aliichukua leso, akaiweka kwenye mfuko mdogo wa plastiki, akaandika kitu juu yake, kisha akaona haina maana akanirudishia.

Kesho yake asubuhi shimo lile alipewa mwenzake. Kaneza akapelekwa kwenye mabeseni, kuosha vigae vya mashimo ya watu wengine. Kiti changu chini ya turubai kilikuwa palepale. Nilikaa. Juisi ililetwa, na aliyeileta alikuwa mtu mwingine.

Kurudi

Alinipeleka kituoni mwenyewe. Sitaki mfikiri alinikosea adabu. Alinibebea begi, aliniinamia akanifunga kamba za kiatu kwa sababu ya goti, alimwonyesha dereva mahali pa kunishusha. Alinisikiliza nilipomwomba msamaha, akasema ameshasamehe, na nadhani alisema kweli. Basi lilipoanza kusogea akanipungia mkono. "Safe trip, Babu," akasema. Nilikwenda mwendo mrefu kabla sijajua ni nini kilichonichoma katika maneno hayo mazuri.

Jangwani kiti kilikuwa kinanisubiri. Nilikaa bila kubishana na sikugusa gurudumu. Nilimuuliza mwanamume aliyekisukuma habari za Auma wa Kisumu, hakumjua. Koti nilikuwa nimelisahau kwenye basi la kwenda Ioannina, na kama Kiria Vasiliki amelipata, limpe joto.

Sydney, kwenye ukaguzi, ofisa aliniuliza kama viatu vyangu vimekanyaga udongo nje ya nchi. Nikasema ndiyo. Mnajua wenzetu wanavyoogopa udongo wa watu. Akavichukua, akavipeleka nyuma, akavirudisha vimeoshwa na kukaushwa, safi kuliko siku nilipovinunua. Nikasimama pale na soksi nikiwaza kwamba hata vumbi dogo la nyumba ile nililobakiza limekwenda na maji.

Sasa nawajibu. Ninyi mlitania tu, kama tunavyotaniana kila Jumapili, na Salvatori hana deni kwangu. Hata jina la Mheshimiwa Sahani namwondolea leo. Aliyesimama akaahidi ni mimi. Aliyekatazwa akainuka kwenye kiti ni mimi.

Kaneza amerudi tangu Septemba. Andiko lake limekataliwa bila ile sakafu, na ameanza lingine, la vigae vya paa, mahali ambapo hakuna swali la nani alirudi. Amepoteza mwaka. Wale watu wa nyumba iliyochomwa, kama walirudi au hawakurudi, hatajua, wala hakuna atakayejua. Jumamosi bado anapiga simu saa nne, hajakosa hata moja. Namuuliza kazi inaendeleaje, ananijibu "All good, Babu", kisha ananipa mama yake. Vyombo vinaisha upesi.

Niliahidi mbele yenu kwamba sitakaa kwa Kaneza kama mgeni. Ahadi hiyo imemgharimu yeye mwaka wake na swali lake. Mimi imenigharimu Kaneza: sasa ananiheshimu kama anavyoheshimiwa mgeni, na hanisimulii kitu.